Thuluthi ya Bi Mwanakuu

Kamaludin alikuwa na ofisi tatu na zote alitembea nazo. Ya kwanza ilikuwa muhuri wa mpira ulioandikwa MSHAURI WA MIRATHI, MOMBASA NA NG'AMBO. Ya pili ilikuwa kanzu nyeupe, iliyopigwa pasi hadi ikaweza kusimama peke yake. Ya tatu ilikuwa mdomo wake, na hiyo haikulipiwa kodi wala haikuwa na siku ya kufungwa.

Kila asubuhi alikaa kwenye benchi la muuza kahawa karibu na mahakama, akingoja mtu mwenye uso wa mali na kikohozi. Akimpata, alimsogelea kwa upole kama daktari.

"Mzee wangu, umeandika wasia?"

"Bado, mwanangu."

"Subhanallah!" Kamaludin alifunga macho, akayafungua polepole. "Na hicho kikohozi?"

Kufikia kikombe cha pili, mzee alikuwa tayari kuandikiwa wasia. Na katika kila wasia, mwisho mwisho, kwa maandishi madogo, kulikuwa na mstari unaotoa kitu fulani kwa Darul Kamaliya, madrasa ya mayatima. Madrasa hiyo ilikuwa na mwalimu mmoja, mhazini mmoja na yatima mmoja, na wote watatu walivaa kanzu moja.

Ilikuwa hila nzuri, ila ilikuwa na kasoro. Wateja walikataa kufa. Mtu akishaandika wasia moyo wake hutulia, na akitulia hula vizuri. Wengine walinenepa. Katika miaka minne Darul Kamaliya ilikuwa imerithi saa ya ukutani isiyotembea na mbuzi mmoja aliyefia njiani.

Ndipo Sheikha, mkewe, alipochoka. Walikuwa wakikaa Majengo, chumba kimoja katika nyumba ya vyumba vinane na choo kimoja uani. Asubuhi moja Sheikha alisimama kwenye foleni ya choo, ndoo mkononi, mbele yake watu sita na mmoja wao na gazeti. Akageuka, akaingia ndani, akafunga nguo zake.

"Kamaludin," alisema, "nilikupenda na uongo wako wote. Lakini foleni hii siiwezi. Mimi navuka feri, naenda kwa mama Likoni. Ukipata pahali penye choo cha ndani na mlango unaofungika, nitarudi. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ukiandama hujapata, naenda kwa Kadhi. Nitakurudishia mahari yako, tuachane kwa heshima."

"Mahari yenyewe sijamaliza kuitoa."

"Basi itakuwa rahisi."

Kamaludin alidanganya watu wengi maishani mwake, lakini hakuwahi kujidanganya juu ya Sheikha. Bila yeye chai haikuwa na ladha hata ikitiwa hiliki. Na Mfungo Sita ulibakiza miezi minne.

Basi alikuwa benchini, kikombe mkononi, aliposikia wazee wawili wakizungumza nyuma yake.

"Nyumba ya Bi Mwanakuu pale Kibokoni, waijua? Orofa tatu. Na yeye hakuzaa."

"Ana mtoto wa kakake, yuko Maskati."

"Wa Maskati ana nyumba zake. Hii itabomoka tu, bure."

Kikombe cha Kamaludin kilisimama hewani. Alikitua kwa adabu, akanyoosha kanzu, akaondoka. Muuza kahawa anasema ile ndiyo siku pekee Kamaludin aliacha kahawa kikombeni.

Bi Mwanakuu alikuwa dakani kwake, pale kibarazani mlangoni, akichagua mchele kwenye uteo. Alikuwa mdogo wa mwili, mkavu, na macho yake yalikuwa mazuri mno kwa mtu wa miaka themanini. Ndani, Nasiha, mtoto wa dadake, alikuwa akishona mapazia kwa cherehani.

"Salaam aleikum, Bibi."

"Waaleikum salaam. Njoo, kaa. Weye u mwana wa nani?"

Kamaludin alimtajia ukoo. Ulianzia Lamu, ukapita Siyu, ukagusa Unguja kwa upande wa bibi, na ulipofika Mombasa ulikuwa na masheikh wanne na hakimu mmoja. Bi Mwanakuu alisikiliza wote, akisogeza chuya pembeni kwa kidole.

"Mashallah. Na wote hao wamekutuma kwangu?"

"Nimetumwa na dhamiri, Bibi. Siku ukiondoka duniani, baada ya umri mrefu inshallah..."

"Umri mrefu n'shaupata. Sema."

"Mali yako yote yatakwenda kwa mtoto wa kakako, Maskati."

"Yule asiyepiga simu hata siku ya Idi?"

"Huyohuyo. Na binti huyu anayekutunza, kwa kuwa ni mtoto wa dada, sheria haimpi kitu."

Bi Mwanakuu akashika kifua. "Hata mlango?"

"Hata bawaba."

Cherehani ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Kamaludin alisikia kama kicheko, akadhani ni kikohozi.

"Lakini sheria ina huruma," akaendelea. "Imekuachia thuluthi moja ya mali yako, umpe umtakaye asiyekuwa mrithi wako. Wengine humpa jamaa. Wenye akili humpa yatima, maana dua ya yatima haizuiwi. Na huo ni wasia tu, Bibi. Madamu wahema, waweza kuufuta wakati wowote."

Hilo la mwisho halikuwa na haja ya kusemwa. Alilisema kwa kiburi cha fundi anayeijua kazi yake.

"Nifute? Mimi?" Bi Mwanakuu alicheka kidogo. Kisha akainua uso akaitazama nyumba yake. "Thuluthi moja. Na nyumba ina orofa tatu."

Kamaludin naye akainua uso. Wakaitazama pamoja, kama watu wanaotafuta mwezi.

"Waandikie mayatima wako orofa ya juu," alisema Bi Mwanakuu. "Lakini iwe siri. Mtaa huu ukipiga chafya, watu wa Feri wanakuombea rehema."

Kamaludin aliandika papo hapo. Alimpa kalamu atie sahihi. Bi Mwanakuu aliitazama kalamu kama kitu cha ajabu. "Mimi na hiyo hatujuani," akasema, akatoa kidole gumba. Muhuri ukapigwa. MOMBASA NA NG'AMBO.

Siku hiyo Kamaludin alimuuliza bibi yule kila kitu: shinikizo la damu, usingizi, mamake alikufa na miaka mingapi. Jambo moja tu hakuuliza, nasi tutalifikia.

Wiki haikwisha, simu ikalia.

"Mwanangu," ilisema sauti dhaifu, "jana niliona nuru."

"Inna lillahi," alisema Kamaludin, akikaa chini kwa furaha. "Nuru gani, Bibi?"

"Ya jua. Bati la juu lina matundu. Orofa ya mayatima yavuja. Nikifa leo utarithi kisima."

Kamaludin alipanda kutazama. Vyumba viwili vikubwa, madirisha ya kuangalia bandari ya zamani, upepo wa kumfanya mtu asamehe maadui. Na juu, bati lilikuwa kama kichungi cha tui. Alisimama katikati ya chumba akamwona Sheikha amekaa pale dirishani, miguu juu ya kiti, anakula embe kwa pilipili. Aliona vizuri hata chumvi kidoleni. Jioni hiyo akauza pikipiki yake.

Bati alinunua kwa Zoher, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kofia ya nakshi ya dhahabu na ndevu zilizochanwa vizuri.

"Bati nyingi hivi za wapi, Kamal bhai?"

"Za Bi Mwanakuu. Sadaka."

Zoher alikohoa. "Hata mimi napeleka simiti pale. Sadaka pia."

"Mungu akulipe."

"Atalipa, atalipa," alisema Zoher haraka, akageukia mteja mwingine.

Fundi aliyemwajiri alipaua kwa siku tatu, akadai fedha ya siku ya nne, na fedha ikawa imekwisha. Hapo Kamaludin, mtu ambaye kiganja chake hakikuwahi kushika kitu kizito kuliko muhuri, alivua kanzu. Akapanda mwenyewe. Siku ya kwanza alipiga vidole kuliko misumari. Siku ya pili alipiga nusu kwa nusu. Wiki ya tatu mtaa ulizoea kumwona juu ya paa la Bi Mwanakuu alfajiri, fulana imelowa, anapiga mluzi.

Kwenye ngazi alipishana na Kenga, fundi wa mabomba kutoka Kisauni, mtu mpana mwenye sauti ya chini.

"Wewe wafanya nini hapa?" aliuliza Kenga.

"Sadaka. Na wewe?"

Kenga alitazama bomba alilobeba begani, kama ndio kwanza analiona. "Sadaka."

Nyumba ile ilijaa sadaka kuanzia msingi hadi paa.

Bi Mwanakuu aliijua kazi yake. Kazi ikilegea, afya yake ililegea. Alilala, akaomba maji, akauliza bei ya sanda. Nyundo zikisikika, aliamka akala samaki wa kupaka na chapati mbili. Siku moja alimwita Kamaludin kitandani.

"Hao mayatima wako wataogea wapi?"

"Bibi?"

"Orofa haina choo. Utawapanga foleni?"

Neno foleni lilimchoma Kamaludin pahali pabovu. Akachimba, akajenga, akachanganya simiti ya Zoher. Kenga akaleta mabomba, maana Bi Mwanakuu alimwambia maji yakivuja juu yatafikia orofa ya kati. Zoher akaleta vigae vya samawati, maana aliambiwa maji ya orofa ya kati yatafikia stoo ya chini. Mbona Kenga aliipenda sana orofa ya kati, na Zoher stoo ya chini, Kamaludin hakujiuliza. Alikuwa amelewa vigae.

Alimpigia Sheikha simu.

"Nina nyumba. Choo cha ndani. Vigae vya samawati mpaka juu!"

"Umeiba?"

"Nimeachiwa."

"Aliyekuachia ameshakufa?"

"Anakaribia."

"Basi nipigie akikaribia zaidi," alisema Sheikha. Lakini hakukata haraka. Kamaludin alimsikia akipumua, na kama asingemjua angesema anajizuia kucheka.

Zikabaki siku tano Mfungo Sita uandame. Kamaludin alikuwa mwembamba, mweusi kwa jua, mikono ina sugu. Kazi imekwisha. Bi Mwanakuu, kwa ukaidi uleule wa wateja wote wa Kamaludin, yu mzima.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Kamaludin alikata kona ya Kibokoni akasimama ghafla.

Turubali limefungwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mikeka imetandikwa. Sufuria mbili kubwa za pilau zimetelekwa motoni. Wanawake wa mabuibui wanaingia wakitoka, sauti chini. Wanaume wameketi na juzuu, wanasoma Yasini. Na mkokoteni umesimama mlangoni, juu yake kitanda.

Kamaludin alipatwa na huzuni ya kweli. Ilidumu hatua sita. Hatua ya saba akakumbuka wasia uko mfukoni, na hatua ya nane akaanza kukimbia.

"Mamangu!" alilia, akijitupa dakani. "Mamangu mie, umeniacha na nani?"

Wasomaji walimtazama. Mzee mmoja jirani akamsogezea sahani. "Kula kwanza, kijana. Pilau itapoa."

Huo ni ukarimu wa ajabu kwa mfiwa, alifikiri Kamaludin, akala tonge mbili kwa heshima ya marehemu. Alipoinua kichwa, Zoher alikuwa ameketi kushoto kwake, kofia imepinda, anatoa jasho. Kulia, Kenga na shati la kutokea.

"Pole," alisema Zoher.

"Pole na wewe."

"Poleni nyote," alisema Kenga.

Wakala tonge chache. Kisha Zoher akanong'ona, "Sipendi kusema mambo haya mbele ya msiba. Lakini marehemu aliniachia kitu. Thuluthi. Stoo ya chini."

Kamaludin alirudisha tonge sahanini. "Thuluthi ni yangu. Orofa ya juu."

"Hapana," alisema Kenga, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nane. "Thuluthi ni yangu. Orofa ya kati. Kidole chake hiki."

Walizitandaza karatasi tatu juu ya mkeka, kando ya sahani. Vidole gumba vitatu, vyote vya mtu mmoja.

"Thuluthi tatu ni nyumba nzima," alisema Kenga polepole. "Wa Maskati abaki na nini?"

"Ngazi," alisema Zoher.

Kamaludin aliipata sauti yake ya kazi. "Mabwana, msipandwe na damu. Wasia wa mwisho ndio wenye nguvu. Bwana Zoher, wako wa lini?"

"Mwaka jana."

"Kenga?"

"Baada ya Idi ya Mfungo Mosi."

"Wangu ni wa baada ya hapo. Kwa hivyo, kwa masikitiko makubwa, nyinyi mmefutwa."

Zoher alimtazama kwa muda mrefu, kama anayepima mbao. Kisha akasogea mpaka ndevu zikamgusa Kamaludin sikio. "Laki tatu. Taslimu. Leo hii, kabla ya adhuhuri. Nipe karatasi."

Laki tatu! Kamaludin hakuwahi kuwa karibu na laki tatu hata kwa kupishana nazo barabarani. Angeweza kununua pikipiki, angeweza kuitoa ile mahari. Lakini mahari iliyokamilika na choo cha foleni ingemrudisha nani? Alimwona Sheikha dirishani, embe, chumvi kidoleni.

"Siuzi."

"Laki nne!"

"Bwana Zoher, hata uniletee duka na wewe mwenyewe ndani yake. Ile ni nyumba ya mke wangu."

Lilikuwa neno safi kuliko yote aliyopata kuyasema, na alilisema kwa sauti kubwa mno. Yasini ilisimama.

"Nani kafa?" iliuliza sauti kutoka mlangoni.

Bi Mwanakuu alikuwa amesimama kizingitini, mzima, buheri wa afya, leso mpya mabegani, miwani puani na gazeti mkononi. Lilikuwa limefunuliwa ukurasa wa katikati, na alama ya kalamu pembeni.

Karatasi tatu zikatoweka. Ya Zoher iliingia ndani ya kofia, ya Kenga ndani ya shati. Kamaludin aliikalia yake, na kwa haraka akakalia na pilau.

"Bibi," alisema, "u hai?"

"Nimekunywa uji. Wewe unalia nini dakani kwangu?"

"Hitima... nilidhani..."

"Hitima ya kuombea nyumba hii! Mpangaji anahamia leo, na mtu haingii nyumba bila dua." Akageukia mtaa. "Hata turubali sasa siwezi kufunga, watu wasidhani nimekufa?"

Msomaji mmoja akaficha uso kwa juzuu. Na tuseme kweli, hapo Kamaludin hana lawama. Hitima ya matanga na hitima ya kuombea nyumba, ukiwa kichochoroni, ni turubali lilelile, mikeka ileile na Yasini ileile. Tofauti ni nani anakula.

"Mpangaji?" alisema Kamaludin. "Anahamia wapi?"

"Juu."

"Orofa yangu?"

"Yako kwa hati gani?"

Kamaludin aliinuka, akatoa wasia, akaukung'uta wali. "Hii! Thuluthi yako, kwa kidole chako!"

"Wasia ni wa nikifa. Nimekufa? Tena ulinambia mwenyewe, madamu nahema naweza kuufuta. Nahema." Akahema, watu wote wakasikia. "Nimeufuta. Na wa Zoher. Na wa Kenga. Lakini hata nisingefuta, msingepata kitu. Nasiha, mamangu, hebu waeleze hawa."

Nasiha alitokea nyuma yake, utepe wa kupimia nguo shingoni, anajifuta machozi ya kicheko.

"Nyumba hii ni yangu," alisema. "Bibi alinipa hiba miaka tisa iliyopita. Zawadi, mbele ya mashahidi, yeye akiwa mzima na akili zake. Hati ya ardhi ina jina langu. Alijua akingoja kufa sheria haitanipa kitu, mimi ni mtoto wa dada. Akanipa akiwa hai."

"Mali yangu mimi," alisema Bi Mwanakuu, "ni kitanda, miwani na birika moja la shaba. Mkitaka thuluthi, nikifa mgawane birika."

Kamaludin alishika ukuta. "Lakini mtaa mzima unasema nyumba ya Bi Mwanakuu!"

"Mtaa huita nyumba kwa jina la anayekaa dakani. Tangu lini dakani ni ofisi ya ardhi? Mshauri wa mirathi, Mombasa na ng'ambo, umeniuliza mpaka choo nakwenda mara ngapi. Hukuniuliza hati i kwa jina la nani?"

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikapanda ngazi, kikashuka, kikawapata wapishi. Kenga naye alikuwa anacheka, tumbo linaruka, karatasi yake inachungulia shatini.

"Na simiti yangu?" alilia Zoher.

"Ulisema sadaka," alisema Bi Mwanakuu. "Nimekuombea dua kila siku. Waziona zimekushika, umenenepa."

"Bwana Zoher," alisema Nasiha kwa huruma, "stoo ya chini itumie mwaka mzima bila kodi."

Zoher alifumba macho, midomo ikicheza. Alipofumbua alikuwa ameacha kulia. "Mwaka na nusu."

"Mwaka."

"Sawa, mwaka."

"Na Kenga nitakulipa kazi yako," aliendelea Nasiha. "Bomba lako halina dhambi."

Akabaki Kamaludin, na mtaa mzima ukimtazama. Hakuna aliyemwahidi stoo.

"Na mimi?" aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo, kama ya yatima wa kweli.

"Wewe kazi yako imeshalipwa," alisema mtu juu ya ngazi.

Kamaludin aliijua sauti hiyo kabla hajaitazama. Sheikha alikuwa ameketi kwenye kipandio cha juu, mikono ina unga, kilemba cha kazi kichwani.

"Wewe!"

"Mimi. Ndiye mpangaji."

"Umejuaje nyumba hii?"

"Nasiha ndiye aliyenishonea mapazia ya arusi. Ulipomwandikia Bibi wasia wako wa mayatima, kesho yake nilikuwa nimeshasikia. Nikavuka feri mbiombio kuja kumwonya kwamba mume wangu ni tapeli."

"Nikamwambia," alisema Bi Mwanakuu, "mwanangu, hilo nimeliona tangu alipofika na masheikh wanne. Nataka kujua tu, juu ya bati aweza kupanda?"

"Nikasema hawezi," alisema Sheikha. "Nilikosea."

Nasiha akaeleza yaliyobaki: waliandikiana, yeye na Sheikha. Orofa ya juu, miaka miwili, na kodi ni kupaua paa na kujenga choo. Fundi atatafutwa na Sheikha.

"Fundi akawa mimi," alisema Kamaludin.

"Wewe."

"Na hamkuniambia! Sheikha, miezi minne! Nimepigwa na jua, nimeuza pikipiki, vidole vimekufa ganzi..."

"Ningekwambia njoo tujenge choo, tupate pa kukaa, ungekuja?"

Kamaludin akaanza kukagua sugu za viganja vyake.

"Kazi ya halali huyu haamki hata umwagie maji," Sheikha aliwaambia watu. "Mwambie ni ya haramu, alfajiri yuko juu ya paa anapiga mluzi."

Mtaa ulikaribia kuanguka. Mzee jirani alipaliwa na pilau ikabidi apigwe mgongoni. Sheikha hakucheka. Alimtazama mumewe, mikono yake, shingo yake nyeusi kwa jua, akainuka, akaingia ndani. Mlango wa juu ukasikika ukifungwa. Ulifungwa vizuri. Aliuweka yeye mwenyewe Kamaludin, kwa bawaba nne.

Dua ikamaliziwa. Watu wakala, wakafungiwa sinia za nyumbani, mkokoteni ukaondoka mtupu. Kamaludin alibaki dakani peke yake. Alikuwa na hasira, tena hasira nzuri, ya kumpeleka mtu mpaka feri bila kugeuka nyuma. Laki nne! Alizikataa kwa mdomo wake. Angeweza kuondoka sasa hivi. Benchi la kahawa lipo, na Mombasa bado ina wazee wenye vikohozi. Angekwenda wapi, lakini? Kwenye foleni?

Bi Mwanakuu alikuwa amerudi kwenye uteo wake. Hakumtazama.

"Kigae kimoja bafuni kimekwenda upande," alisema. "Cha tatu kutoka mlangoni."

"Hakikwenda upande!" alisema Kamaludin kwa ukali. "Ukuta wenu ndio umepinda, kigae nimekilaza sawa."

"Kumbe," alisema Bi Mwanakuu, akatupa chuya.

Kamaludin akaanza kupanda. Orofa ya kwanza alipanda kwa hasira. Ya pili alipanda akigusa bomba la Kenga kuona kama halivuji. Alipofika juu alikuwa na hotuba kamili, yenye machozi mahali pake na kiapo mwishoni. Akanyoosha kola, akabisha.

"Hodi."

"Nani?" ilisema sauti ya Sheikha, karibu kabisa, kama aliyekuwa nyuma ya mlango muda wote.

"Mumeo."

"Mume wangu mwenye kazi gani?"

Hotuba ilikuwa pale, tayari, na nyuma yake uongo arubaini umepanga mstari, kila mmoja umevaa kanzu. Kamaludin aliutazama mlango. Ulikuwa mlango mzuri. Ulikaa sawa kwenye fremu, haukuacha hata upenyo wa wembe.

"Fundi wa bati," alisema. "Na vigae, kidogo."

Ndani maji yalisikika, ya mtu anayenawa unga mikononi. Kisha, upande wa pili, komeo likasogea.